Ramani za Kale na Habari za Nchi Yetu

Watu wengi hudhani kwamba ramani ni picha ya nchi. Huitazama kama watazamavyo kioo, wakiamini kuwa kila kilichomo nchini kimo katika karatasi, na kila kisichomo katika karatasi hakimo nchini. Dhana hiyo si sahihi, nayo imeleta hasara kubwa katika historia ya Kenya. Ramani ni maneno ya mtu. Yuko aliyeichora, yuko aliyemlipa, na iko haja iliyomfanya aichore. Kwa hiyo, ewe msomaji, ukipata ramani ya kale usiulize tu, "Mahali fulani pako wapi?" Uliza pia, "Ni nani asemaye hapa? Anamwambia nani? Naye amenyamaza juu ya jambo gani?" Wahenga walisema, vyaelea, vimeundwa. Katika makala hii nataka tutazame jinsi ramani za nchi yetu zilivyoundwa, na jinsi kijana wa leo awezavyo kuzisoma apate habari za ardhi na za watu walioikaa.

Tuanze pwani, maana huko ndiko ramani za upande wetu wa Afrika zilikoanzia. Katika karne ya 2, Ptolemy, mtaalamu wa mji wa Alexandria katika Misri, aliandika majina ya miji pamoja na vipimo vya mahali pake, na miongoni mwa miji hiyo umo mji wa Rhapta katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Karne nyingi baadaye, mwaka 1154, Al-Idrisi, aliyekuwa akimtumikia Roger wa Pili, mfalme wa Sicily, alimaliza kitabu chake cha jiografia pamoja na ramani zake. Humo alizitaja Malindi na Mombasa. Ramani za Al-Idrisi zimeweka kusini juu na kaskazini chini. Mwanafunzi azionapo kwa mara ya kwanza hudhani zimegeuzwa na mchapaji. Hazikugeuzwa. Hakuna amri ya maumbile isemayo kwamba kaskazini lazima iwe juu. Ni desturi tu ya wachoraji, na desturi hutofautiana. Hilo ni somo letu la kwanza.

Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa, kisha Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1502, ramani iitwayo ya Cantino ilikwisha kuchorwa Ureno, nayo inaonyesha pwani yetu kwa uangalifu mkubwa pamoja na majina ya bandari zake. Lakini ukiitazama vema utaona kwamba majina yamejipanga ukingoni mwa bahari tu. Baharia alitaka kujua mahali pa kutia nanga, pa kuteka maji na pa kununua chakula, na ramani yake ilimjibu maswali hayo basi.

Sasa fikiri juu ya mji wa Gedi. Wareno walikaa Malindi karibu miaka 100, na Gedi ni mwendo wa maili 10 hivi kutoka Malindi. Ulikuwa mji wenye ukuta, msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima virefu na nyumba za mawe. Wala habari zake hazionekani katika maandishi ya Wareno. Ulibaki umefunikwa na msitu, ukijulikana na wenyeji wa jirani, mpaka James Kirkman alipoanza kazi ya kuuchimbua mwaka 1948. Humo yalionekana mabaki ya vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina, ushahidi wa biashara ya mbali. Basi mtu aliyeifuata ramani peke yake angeapa kwamba hapakuwa na mji pale. Hilo ni somo la pili: ramani ikinyamaza, si lazima nchi iwe tupu.

Mwaka 1824 walifika Waingereza chini ya Kapteni Owen, ambao kazi yao ilikuwa kupima pwani. Mabaharia walitupa bildi majini wakahesabu kina kwa pima, tarakimu baada ya tarakimu, na chati zao zilitumika miaka mingi. Pamoja na vipimo waliacha majina. Ghuba iliyo magharibi ya kisiwa cha Mombasa iliitwa Port Reitz kwa ajili ya Luteni Reitz, ambaye aliachwa Mombasa asimamie mambo akafa kwa homa mwaka huo huo. Jina hilo lingali katika ramani. Bila shaka ghuba ilikuwako kabla ya Reitz, na wavuvi wake walikuwa na majina yao kwa kila mlango na kila mwamba. Jina lililoandikwa huishi kuliko lililosemwa, na hii ni moja ya nguvu kubwa za kalamu.

Twende bara. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Rebmann akamfuata. Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf aliuona mlima Kenya mwaka 1849. Wataalamu wengine wa Ulaya waliokuwa wameketi katika viti vyao walikataa kabisa kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na Ikweta. Rebmann na mwenzake Erhardt waliwauliza watu wa misafara, wapagazi na wafanya biashara waliokuwa wakienda bara na kurudi, juu ya nchi za huko. Kwa habari hizo walichora ramani iliyotangazwa Ulaya mwaka 1856. Katikati ya Afrika waliweka bahari moja kubwa ajabu, umbo lake kama la koa.

Watu wa London walicheka, lakini tufikiri kabla hatujacheka pamoja nao. Msafiri wa njia ya kaskazini alisema, "Mwisho wa safari yetu tunafika penye maji makubwa." Msafiri wa njia ya kati alisema vivyo hivyo, na wa njia ya kusini kadhalika. Kila mmoja alisema kweli, maana mmoja alikuwa akisema habari za Nyanza, mwingine Tanganyika, mwingine Nyasa. Kosa lilikuwa la waliounganisha maji matatu kuwa mamoja. Burton na Speke walipokwenda bara mwaka 1857 kutafuta ukweli, walipita katika njia za misafara zilizokuwa zikijulikana na watu wa nchi siku nyingi. Nyuma ya karibu kila ramani ya wasafiri wa karne ya 19 wako watu wetu walioulizwa, wakajibu, na majina yao hayakuandikwa.

Mpaka hapo ramani zilikuwa zikieleza nchi. Baada ya hapo zilianza kuigawa. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mstari uanzao katika mdomo wa Mto Umba, upite Ziwa Jipe, uzunguke upande wa kaskazini wa Kilimanjaro, kisha uende moja kwa moja mpaka ukingo wa mashariki wa Ziwa Nyanza. Sultani wa Zanzibar aliachiwa ukanda wa pwani wa upana wa maili 10. Ukiutazama mstari huo katika ramani ya leo utauona bado. Ndio mpaka wa Kenya na Tanzania. Lakini waliochora hawakuwauliza Wadigo, Wamaasai wala Wakuria, ambao wote walijikuta upande huu na upande ule. Mchungaji wa Kimaasai aliyefuata mvua na majani kutoka kaskazini kwenda kusini hakuona mstari wo wote ardhini. Aliambiwa tu baadaye kwamba amevuka. Na ule ukanda wa maili 10 uliendelea kuwa jambo la mabishano mpaka mwaka 1963, ulipounganishwa na Kenya wakati wa uhuru.

Sasa tumefika penye jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni habari ya nchi iliyoitwa tupu. Tangu mwaka 1890 na kuendelea, misiba ilifuatana katika bara la Kenya. Sotoka iliua ng'ombe makundi kwa makundi. Ndui iliua watu. Mwaka 1898 mvua zilikosekana, na njaa kubwa ikaendelea mpaka mwaka 1900. Katika upande wa kusini wa nchi ya Wakikuyu watu wengi walikufa, na wengi waliosalia waliyaacha mashamba yao wakarudi kaskazini kwa jamaa zao, wakingoja nchi ipone. Miaka hiyo hiyo ndiyo reli ilipojengwa. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Wapimaji na maofisa waliokuja pamoja nayo waliona vichaka penye mashamba, na majani marefu penye malisho. Wakaandika kwamba hakuna watu.

Ewe msomaji, mtu akipita penye nyumba mchana wakati wenyewe wako shambani, akagonga asijibiwe, je, ana haki ya kusema nyumba haina mwenyewe? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tena, hata pasipo misiba, nchi nyingi yenye wenyewe huonekana tupu kwa mgeni. Mkulima huliacha shamba lipumzike miaka kadhaa ili rutuba irudi. Mfugaji huyaacha malisho ya kiangazi wakati wa masika, na ya masika wakati wa kiangazi. Mpimaji aliyepita mara moja, katika mwezi mmoja, aliiona siku moja ya maisha ya nchi, akaiandika kama maisha yake yote. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliipa serikali uwezo wa kugawa nchi iliyohesabiwa kuwa ya Taji, na sheria ya mwaka 1915 iliruhusu walowezi wakodishiwe kwa miaka 999.

Ndipo ikaja aina nyingine ya ramani, yaani ramani ya mashamba. Mpimaji alikuja na mnyororo wake na vigingi vyake, akaikata nchi vipande vyenye pembe zilizonyoka, na kila kipande akakipa namba. Katika uwanda wa Uasin Gishu shamba moja lilipewa namba 64. Mahali hapo palikua mji, nao mwaka 1912 uliitwa Eldoret. Lakini watu wa nchi walikwisha kuuita Sisibo, kwa kulitamka neno la Kiingereza la namba hiyo kwa ndimi zao. Namba ya karatasini ikageuka kuwa jina la mji.

Na hao wapimaji walipoandika majina ya wilaya na maziwa, waliandika ushahidi bila ya kukusudia. Nairobi, Naivasha, Laikipia na Uasin Gishu ni majina yaliyotoka kwa Wamaasai. Nairobi ni habari ya maji baridi. Uasin Gishu ni jina la kundi moja la Wamaasai waliokaa uwanda ule kabla ya kushindwa katika vita na wenzao katika karne ya 19. Tena katika uwanda huo huo yako mashimo ya mviringo, mengine yamezungushiwa mawe, ambayo wachimbuzi wa mambo ya kale wameeleza kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe ya watu wa zamani zaidi, waitwao Wasirikwa. Basi mahali pamoja pana tabaka tatu: mazizi ya Wasirikwa ardhini, jina la Wamaasai katika ramani, na namba ya mlowezi juu yake. Mtu ajuaye kusoma huziona zote.

Mwaka 1904 Wamaasai walifanya mapatano na serikali, wakahama kutoka Bonde la Ufa wakapewa rizavu mbili, moja Laikipia na moja kusini ya reli. Waliahidiwa kwamba mapatano hayo yatadumu muda wote Wamaasai watakapokuwako. Mwaka 1911 yalifanyika mapatano mengine, na wale wa Laikipia wakahamishwa na mifugo yao kwenda kusini. Baadhi yao walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 kesi yao ilikataliwa kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba wa mataifa, ambao mahakama ile haikuwa na uwezo wa kuuhukumu. Mtu akiziweka pamoja ramani ya baada ya mwaka 1904 na ya baada ya mwaka 1911, ataona rangi ya Wamaasai imetoweka Laikipia. Rangi hufutwa kwa brashi. Watu waliifuata rangi hiyo kwa miguu, pamoja na watoto, wazee na ng'ombe wao.

Mwaka 1932 iliundwa tume ya kuchungua mambo ya ardhi chini ya Jaji Carter, ambayo taarifa yake ilitangazwa mwaka 1934. Wazee wengi wa Kikuyu walikwenda mbele yake wakiwa hawana karatasi. Lakini walikuwa na ramani. Walitaja matuta na mito kwa majina, na mbari iliyokaa kila tuta. Walieleza mipaka iliyotiwa alama kwa itoka, ua ambalo Wakikuyu hulipanda mpakani kwa sababu haling'oki upesi. Ilikuwa ramani kamili, tena yenye habari ambazo mpimaji hakuwa nazo: nani alipewa na nani, kwa mbuzi wangapi, na mbele ya mashahidi gani. Ushahidi ule ulipigwa chapa, na leo ni hazina kwa mwanafunzi wa historia. Hata hivyo tume iliamua kwamba mipaka ya nchi ya juu ya Wazungu iwekwe, zaidi ya maili za mraba 16,000, na mwaka 1939 mipaka hiyo ilithibitishwa kwa amri. Wazee walisikilizwa, lakini karatasi ndiyo iliyoshinda.

Usidhani, msomaji, kwamba ramani iliyochorwa kwa nia ya maendeleo haina hatari. Mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, ulitangazwa mpango wa Swynnerton wa kuinua kilimo cha Waafrika. Mkulima mwenye vipande vingi vilivyotawanyika alipewa shamba moja lililopimwa na kuandikishwa. Faida yake haikuwa ndogo, maana aliweza kupanda kahawa na kupata mkopo. Lakini katika mila ardhi moja ilikuwa na haki nyingi. Mwenye mbari alikuwa na yake, muhoi aliyekaribishwa alikuwa na yake ya kulima, mke na mama mjane walikuwa na zao. Katika daftari la serikali palikuwa na nafasi ya jina moja. Aliyeandikwa alipata yote, na wahoi wengi walibaki bila ya mahali. Hata baadhi ya waliokuwa kizuizini walirudi wakakuta mipaka imekwisha kuwekwa. Miaka hiyo hiyo zaidi ya watu milioni 1 waliondolewa katika makao yao ya matutani wakakusanywa vijijini chini ya ulinzi. Ukilinganisha ramani za Murang'a au Nyeri za kabla na za baada ya miaka hiyo, utaona nyumba zilizokuwa zimetawanyika zimesongamana mahali pamoja. Vijiji vingine vimebaki hata leo vikawa masoko na miji midogo.

Je, kalamu yaweza kurudi mikononi mwa wenyeji? Yaweza. Katika ramani za serikali msitu wa Mau ulipakwa rangi ya kijani, na rangi hiyo ilisema miti, haikusema watu. Lakini Waogiek walikuwa wakiishi humo kwa uwindaji na asali. Mwaka 2006 Waogiek wa Nessuit walitengeneza mfano wa nchi yao wenye milima na mabonde, na wazee wakaweka juu yake majina ya mito, ya vilima, na ya sehemu za kila ukoo. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa kwa kuondolewa katika nchi yao ya asili, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo imeitambua ardhi ya jumuiya kuwa ni aina ya ardhi yenye haki yake, pamoja na ardhi ya umma na ya mtu binafsi. Kazi ya kuitimiza sheria hiyo ni ndefu, na kila jumuiya itakayotaka kuandikisha ardhi yake itahitaji watu wajuao kusoma ramani na kuichora.

Watu hao ni ninyi. Basi nawapa kazi. Twaa ramani ya sehemu yenu katika kipimo cha 1 kwa 50,000, ambacho sentimita 2 za karatasi ni kilometa 1 ya ardhi. Kwanza, andika majina yote ya mahali, ukitenga yaliyotoka katika lugha ya wenyeji wa sasa, yaliyotoka katika lugha ya watu waliotangulia, na yaliyoletwa na wageni. Pili, tazama mipaka: ile iendayo pamoja na mto au tuta aghalabu ilifuata nchi, na ile iliyonyoka kama rula aghalabu ilichorwa mezani. Tatu, tazama penye nafasi nyeupe, ujiulize ni nani apitaye hapo, na katika mwezi gani. Nne, ichukue ramani hiyo kwa mzee, mwanamume au mwanamke, umsomee majina moja moja. Ukifika penye jina asilolijua, atakwambia jina alilolijua yeye. Liandike jina hilo pembeni kwa kalamu ya risasi, pamoja na sababu yake na mwaka ulipoambiwa. Fanya hivyo mapema, kwa maana karatasi itakungoja, na mzee hatakungoja.